Siku ya Kuliona Gari Uchi

Kila Jumamosi mchana vijana wa gereji za hapa Mabawa hujazana sebuleni kwangu, kwa sababu televisheni ya mjukuu wangu Mwanaidi ni pana kuliko zote za mtaa huu. Mnakuja kutazama kile kipindi cha Wazungu wanaonunua magari makuukuu, wakayatengeneza, wakayauza tena. Gari linatolewa bandani limejaa vinyesi vya kuku, matangazo ya sabuni yanapita, na mkirudi limeshang'aa hata mtu anaweza kuchania nywele mlangoni mwake. Halafu mnunuzi anakuja, anajishika mdomo, anatoa machozi. Nyinyi mnapiga makofi, mimi nanyamaza, na Mwanaidi anawaambia, "Babu leo kaamka na gubu lake."

Si gubu. Nimenyoosha bodi na kupaka rangi magari ya mji huu kwa miaka zaidi ya thelathini, na ninaipenda kazi ile hata leo ambapo mikono yangu haiwezi kufungua chupa ya soda. Ila pale mwisho, mnunuzi anapolia kwa furaha, nyinyi mnamtazama yeye na mimi namtazama fundi. Namtazama macho. Niliwahi kusimama pale aliposimama, mbele ya mama mmoja wa milima ya Usambara, kando ya Landrova ya kijani niliyoipaka kwa mkono wangu, na kwa neno moja nililomjibu, mwanawe alikatwa mguu. Jumamosi iliyopita Mwanaidi aliniambia kama siwezi kulisema basi niliandike. Haya, mmelipata.

Aliyenifunza kazi ni Fundi Hiza, Mbondei wa Muheza, mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza na masikio ambayo sijayaona kwa mtu mwingine. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kugusa nyundo. Alinifunga kitambaa machoni, mtu mzima mimi, mwenye mke na mtoto nyumbani, akanizungusha gereji nzima nikigonga magari kwa kifundo cha kidole. "Bati zima hujibu ngo," alisema. "Lililooza hujibu pwa. Ukishindwa kuisikia pwa, yakhe, rudi kwenu ukauze ndimu." Siku moja nikagonga, nikaisikia pwa safi kabisa, nikatangaza kwa sauti kwamba hili limeoza lote, halifai hata kwa vyuma chakavu. Lilikuwa sanduku la mbao la mama muuza maandazi, na mwenyewe alikuwa amelishika. Alininunia wiki nzima, na wiki hiyo nilikunywa chai kavu.

Fundi Hiza alikuwa na sharti moja ambalo sikulikuta gereji nyingine. Rangi ikishakwanguliwa yote, kutu imechokonolewa, matundu yote yako wazi, kazi inasimama. Hapakwi puti, ule udongo wa kuzibia matundu, hapashikwi msasa. Mwenye gari anaitwa. Anakuja na kanzu yake au suruali yake ya ofisini, anainama, ikibidi analazwa chini juu ya gunia, anaonyeshwa tundu moja moja kwa bisibisi. Tuliiita siku ya uchi. Wengine walijisikia haya kweli, kana kwamba wao ndio waliovuliwa. Bwana mmoja mwenye duka la vitambaa alifumba macho akasema, "Funikeni, funikeni, nisije nikaliota." Fundi Hiza akamjibu, "Uliote, bwana. Fungua macho." Na yule bwana akafungua.

Niliwahi kumuuliza kwa nini tunapoteza siku nzima kwa jambo hilo. Akasema mimi na yeye tutakufa, na puti itabaki inaficha. Anayepanda gari ndiye lazima ajue amekalia nini. Nikaitikia kama mnavyoniitikia nyinyi ninapowaambia mvae miwani ya kuchomelea.

Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni hamkuiona, nami sitaki kuwachosha nayo. Niseme tu kwamba gereji ilikaa bila gesi ya kuchomelea kwa miezi, na bati jipya tulilisikia kwa jina. Rangi tulipata mabaki ya rangi ya matrekta ya mashamba, ndiyo maana siku hizo nusu ya magari ya Tanga yalikuwa na rangi moja na mtu aliweza kupanda la mwenziwe kimakosa. Tulipuliza kwa bomba la dawa ya mbu. Bwana Karim, Muhindi mwenye duka la vipuri karibu na gereji, mtu mpole sana, alituletea Pijo yake tukaipaka vizuri, tukaianika uani, kuku akapita juu ya boneti kutoka taa moja mpaka taa nyingine. Nilitaka kulia. Bwana Karim akazihesabu zile nyayo, akasema, "Wacha. Sasa hakuna atakayeiba, ina muhuri." Aliiendesha hivyo hivyo miaka.

Palipokosekana bati tukatumia kilichojaa Tanga, katani. Unachukua singa safi, zile nyuzi zake, unazichambua, unazilaza kwa mkato, safu hivi na safu hivi, unazilowesha gundi ya kutengenezea boti, unazikandamiza juu ya tundu. Ikikauka, unapiga msasa, unapaka rangi, na Mungu akupe nini tena. Fundi Hiza ndiye aliyeibuni, lakini niliyeifikisha mbali ni mimi. Niliziba milango, madigadi, sakafu za buti. Watu walitoka Korogwe na Pangani kumtafuta "yule fundi wa katani". Hakuna kiraka changu hata kimoja kilichorudi. Kila mara Fundi Hiza alirudia jambo lile lile: katani ni ya kuziba upepo na maji, haibebi mzigo. Mahali panapobeba mtu pasubiri gesi, hata mwaka mzima. Mwanzoni nilimsikiliza. Baada ya miaka minane ya kusifiwa nilikuwa naisikia sauti yake tu.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa, gesi ikarudi, rangi za kila namna zikarudi, na bandarini yakaanza kushuka magari yaliyotumika ya Japani, yana viti vya kitambaa na redio zinazozungumza Kijapani. Wenye magari ya zamani wakaanza kuyatupa. Bwana Karim akaona jambo ambalo wale Wazungu wa televisheni wameliona juzi: nunua lile kuukuu, litengeneze, liuze kwa mtu wa bara ambaye barabara zake zinaligomea la Japani. Akaja kwetu. Tulifurahi sana, maana ilikuwa kazi ya heshima. Lakini hapo ndipo siku ya uchi ilipotoboka, wala mimi sikuliona tundu lenyewe. Sharti lilisema aitwe mwenye gari. Mwenye gari sasa alikuwa Bwana Karim, na Bwana Karim hakukusudia kulipanda.

Landrova ile tuliitoa Ushongo. Mwenyewe alikuwa akibebea samaki na nazi, na maji yakitoka aliipitisha ufukweni kufupisha njia, mara mbili kwa siku, miaka na miaka. Bodi ya Landrova ni ya alumini, haishiki kutu kama bati, kwa hiyo juu ilikuwa imekwaruzika tu. Chini nilipolala na bisibisi, chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imeliwa na chumvi kutoka ndani. Upande wa kulia, pale springi ya nyuma inapofungwa, bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini.

Fundi Hiza hakuwepo. Alikuwa kwao Muheza akimuuguza mkewe, na gereji aliniachia mimi. Nikamwita Bwana Karim kama sharti lilivyotaka. Akaja, akalala juu ya gunia na shati lake jeupe, nikamwonyesha. "Mimi naona kutu," alisema. "Wewe unaona nini? Wewe ndiye daktari."

"Panazibika," nikasema.

"Sawa. Fanya vizuri. Watu wanakuja Jumamosi kuitazama."

Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo kosa lilipo, na sitaki mtu aje amtupie Bwana Karim. Gesi ilikuwepo. Mtungi ulikuwa umesimama pembeni, umejaa. Chuma cha kukatia kiraka kilipatikana. Kuikata chesisi ile na kuichomelea upya kulihitaji wiki mbili, na mimi nilikuwa na siku nne, lakini hata hilo si sababu, Bwana Karim angesubiri kama ningemwomba. Niliifuata katani kwa sababu niliiamini. Nililaza safu saba, nikafunga na nyaya, nikaisubiri ikauke, nikaigonga kwa nyundo ikaniuma mkono kwa ugumu. Nikajisifu peke yangu kule chini. Kisha nikapaka lami nyeusi chesisi nzima, na juu nikaipiga kijani ambayo mpaka leo sijaipata tena, kijani ya majani ya mgomba mchanga. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya, na hilo linanitia uchungu.

Jumamosi akaja Mama Naomi. Mjane, Msambaa wa huko juu ya Soni, Mlutheri, mwenye kitambaa cheupe kichwani na viatu vya mvua. Alikuwa analima kabichi na karoti, na miaka yote mboga zake zilikuwa zinaozea njiani zikisubiri lori la watu. Shemeji yake aliyefuatana naye alikuwa akimsihi walete kwanza fundi wa Mombo atazame chini. Yeye alikuwa ameshaiona ile kijani. Aliizunguka mara mbili, akaipapasa mlango kwa kiganja. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani wazima?"

"Wazima, mama."

"Nayo hii, zima?"

"Zima," nikasema.

Mnajua sisi tunavyoitikia. Mtu ana homa ya siku tatu, ukimuuliza mzima, anasema mzima. Neno lilinitoka kwa mwendo ule ule wa salamu, na nilikuwa natabasamu. Mama Naomi akamgeukia shemeji yake akasema, "Umemsikia? Huyu hana uso wa kudanganya." Wakaondoka nayo siku ile ile.

Alhamisi Fundi Hiza akarudi kutoka Muheza. Akauliza habari za kazi, nikamweleza, nikamsifia ile rangi. Akauliza chesisi tumeichomelea kwa chuma gani. Nikamwambia. Alikuwa amesimama, akakaa juu ya tairi.

"Siku ya uchi alikuja nani?"

"Bwana Karim."

"Anaipanda Bwana Karim?"

Akavua kofia yake akaiweka magotini. "Yakhe, umemvika mtu sanda akiwa hai," akasema. "Kesho alfajiri panda basi. Mwambie aiegeshe, asiiguse, tunakuja kuikata. Kesho, umenisikia?"

Nilimsikia. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nikajiambia haifai kukosa swala ya Ijumaa safarini. Jumamosi kulikuwa na harusi ya binamu yangu Tongoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Nilikuwa najaribu kupanga maneno ya kumwambia mama yule ambayo yangeniacha bado ni fundi hodari, na maneno hayo hayakuwepo. Jumapili nikayapanga tena. Jumatatu nikapanda basi.

Tuliposimama Mombo, kabla ya kuanza kupanda mlima, mama mmoja akapitisha chai dirishani, na abiria wa mbele yangu akamuuliza habari za barabara. "Barabara nzima," akasema, "ila jana Landrova ya Mama Naomi imeng'oka springi kule kwenye kona za Soni. Ile ya kijani, mpya ile. Imemlalia kijana wake." Nilimrudishia kikombe hakijaguswa.

Yohana alikuwa amelazwa katika hospitali ya huko milimani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, mrefu, na blanketi lilikuwa limelala tambarare kuanzia chini ya goti la kulia. Alikuwa macho. Nilikuwa nimepanga kusema nimekuja kumpa pole kwa niaba ya gereji. Wallahi, hata pale mlangoni nilikuwa bado napanga hivyo. Lakini aliniuliza, "Wewe ni nani, kaka?" nami nikamwambia mimi ndiye niliyeiziba chesisi. Nikamwambia niliiziba kwa katani.

"Katani?"

"Katani na gundi."

"Nimekata katani miaka sita," akasema. "Kule mashambani kwenu. Miba ile imetoboa wenzangu macho. Mimi nilitoka mzima, nikasema sasa narudi nyumbani kwa mama, nimepona." Akacheka kidogo, kisha akaacha kwa sababu ya maumivu.

Nilimwambia anitukane. Nilimwambia kama anataka aite polisi nitakaa hapo hapo nisubiri. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Mama umemwona?"

"Bado."

"Amekaa nje nyuma ya jiko. Tangu jana hajaweka kitu mdomoni. Baba mdogo alimwambia walete fundi wa Mombo, yeye akakataa, alipenda rangi. Sasa anajiambia kwamba ameniuza mguu kwa rangi. Nimemwambia sivyo, hanisikii." Akafungua macho. "Haki yangu mimi utanilipa baadaye. Nenda kamwambie yeye ulichoniambia mimi, na usipunguze."

Vijana wangu, nimewahi kutembea kutoka Pangani mpaka Tanga kwa miguu. Ule ukumbi wa hospitali ulikuwa mrefu zaidi. Ninyi mnaojifunza kazi kwa kutazama wale wa televisheni, jueni kwamba mkono una kiburi chake, na unaposifiwa sana unaacha kumsikiliza mwenyewe. Ndiyo sababu baada ya hapo, mimi na Fundi Hiza hatukuuza gari mpaka atakayelipanda amelazwa chini ya chesisi na taa mkononi, awe mzee, awe mjamzito, tulimtandikia godoro. Wengi walituona wendawazimu, na Bwana Karim alituunga mkono mpaka alipofunga duka. Lakini hayo yalikuja baadaye, na hayakumrudishia mtu kitu.

Mama Naomi alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu vyake vya mvua vina tope, bakuli la uji limepoa miguuni pake na ngozi imeshatanda juu. Hakunitambua. Nikachuchumaa mbele yake. Safari hii sikumwamkia kwanza, nilihofia kwamba nikianza salamu nitapotelea humo humo. Nikamwambia mimi ni yule fundi wa Tanga. Nikamwambia chesisi ilikuwa imeoza, nikaiona imeoza, nikaijaza katani, nikaipaka lami juu ili isionekane. Nikamwambia hata fundi wa Mombo angekuja, huenda asingeona chochote, kwa sababu nilikuwa nimeificha vizuri sana. Nikamwambia aliponiuliza kama ni zima, nilijua kilichoko chini ya lami, nikasema zima. Nikamwambia Alhamisi nilitumwa nije, nikakaa mpaka leo.

Alisikiliza yote bila kunikatiza. Mpishi mmoja akapita na ndoo, akatuamkia, hakuna aliyeitika. Kisha Mama Naomi akainama, akanitazama usoni kwa karibu sana, kama mtu anayetafuta jambo moja tu na hana haja na mengine.

"Kwa hiyo si mimi?" akauliza.

"Si wewe, mama. Ni mimi."

Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, "Si mimi?"

"Si wewe."

Alipapasa chini mpaka akalipata lile bakuli, akaliinua kwa mikono miwili, na akaunywa ule uji wa baridi wote, huku analia, mimi nimechuchumaa mbele yake.